Tarakimu Ishirini Chini ya Godoro

Jumatatu, 5 Juni 2023

Leo nimekata kauli. Familia hii haitaibiwa.

Asubuhi alikuja binti mmoja wa serikali kwenye ukumbi wa kanisa, kutufundisha kujikinga na wezi wa mitandaoni. Viti sitini, watu kumi na wawili. Mimi kama karani wa kanisa nilikaa mbele na daftari. Alisema nywila iwe ndefu. Isiwe jina la mtoto. Isiachwe juu ya meza. Jirani yangu Palenapa akanyoosha mkono, akasema yake ni jina la nguruwe wake jike na namba moja mbele, na ameiandika kwa rangi nyeupe kwenye tangi lake la maji ili asiisahau. Akaongeza kwamba kijiji kizima kinaijua na hajaibiwa hata barua moja. Watu wakacheka. Mimi nilimhurumia.

Nimerudi nyumbani nikabadilisha nywila ya barua pepe ya familia. Tarakimu ishirini, zisizofuatana wala kupangika. Nimefuta hata namba yangu ya simu kwenye akaunti, kwa sababu binti yule alisema tusigawe namba zetu ovyo. Najuta tu kwamba sikufanya haya miaka kumi iliyopita.

Telesia hakufurahi. Ndiye binti yangu wa pekee, ana miaka kumi na tisa, na ameomba nafasi katika chuo cha uuguzi huko New Zealand. Majibu yatakuja kwenye akaunti hiyo hiyo, wiki hii au ijayo. Aliniomba nimpe paswedi aiweke kwenye simu yake. Nikamwambia simu huanguka chooni, baba yake haanguki. Akauliza basi nitamwangalizia kila siku? Nikamwahidi kila siku.

Kwa sasa tarakimu ziko kwenye kikaratasi, mfukoni mwa shati.


Jumatano, 7 Juni

Jana mke wangu Kalolaine karibu afue lile shati. Kikaratasi hakifai.

Nikapata wazo nikiwa kanisani. Ni mimi ninayepanga namba za nyimbo kwenye ubao wa mbele. Ubao ule upo miaka yote, na hakuna mwizi anayetazama namba za nyimbo. Nikazigawa tarakimu zangu tatu tatu, zikatoka namba sita na mbili za ziada. Nikazipanga. Nikasimama nyuma ya kanisa nikatazama. Kazi safi.

Nilisahau kwamba Jumatano jioni kuna ibada.

Mhubiri alikuwa mgeni, kijana mtiifu, akafuata ubao. Wimbo wa 341 una beti kumi na nne. Tuliziimba zote. Wa 572 ni wa mazishi, na bibi mmoja akaanza kulia akiuliza nani amekufa. Wa 98, ubaoni 098, ni wa Krismasi. Tuko mwezi Juni. Palenapa ndiye aliyeimba kwa nguvu kuliko wote, huku ananitazama. Mhubiri akaita wa 918, watu wakafunua vitabu mpaka jalada la nyuma, haupo. Akafunga ibada kwa sala fupi. Mlangoni Palenapa alinishika mkono akanitakia heri ya mwaka mpya.

Nimeufuta ubao.


Alhamisi, 8 Juni

Leo nimefanya jambo la akili kubwa.

Chini ya godoro letu kuna ngatu ya Kalolaine. Ni kitambaa cha magome alichokigonga na kukipaka rangi pamoja na wanawake wenzake kwa miezi minne, kirefu cha kutandaza ukumbi. Kama ngatu zote, kimeandikwa pembeni kwa wino mweusi hesabu ya vipande vyake, moja mpaka ishirini. Vipande ishirini. Tarakimu ishirini. Nilipoliona hilo mwili ulinisisimka.

Kalolaine alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikachukua kalamu nene, na mwishoni mwa kila namba nikaongeza tarakimu yangu moja. Moja ikawa 13. Mbili ikawa 24. Ishirini ikawa 206. Mwizi akifunua ataona hesabu za wanawake tu, atafunika aende zake. Nikakunja vizuri, nikarudisha chini ya godoro. Kikaratasi nikakitia kwenye moto wa tanuri la shimoni, kikaungua pamoja na gamba la muhogo. Kisha nikaifunga akaunti kwenye simu yangu, maana simu yenyewe inaweza kuibwa.

Jioni Telesia akauliza kama kuna barua. Nikamwambia niliangalia mchana kabla ya kufunga, hakuna. Ilikuwa kweli. Najua sasa hivi naandika kwa kujisifu, lakini kwa nini nisijisifu?


Jumamosi, 10 Juni

Binamu yetu Mosese amefariki. Mwana wa baba yangu mkubwa, mpiga tarumbeta, mtu asiyewahi kumpigia mtu kelele. Jana na leo nimekata kuni na kuchimba tanuri pamoja na wanaume wenzangu. Mikono ina malengelenge. Kalolaine naye anakusanya vitu vya msiba na wanawake. Sijamuuliza vitu gani.


Jumatatu, 12 Juni

Tumemzika Mosese. Sina nguvu ya kuandika, lakini nisipoandika nitapasuka.

Mimi ni mdogo kwa marehemu, kwa hiyo, kwa desturi ya visiwa vyetu, nilivaa mkeka uliochakaa kutoka kifuani mpaka magotini, na nafasi yangu ilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye moshi, na nguruwe na viazi vikuu. Dada yangu mkubwa Sulieti alikaa kichwani pa marehemu, kama ilivyo haki ya dada wa ukoo, na kila kitu kizuri kilichotolewa kilipelekwa mbele yake kiwe chake. Hivyo ndivyo ilivyo na hakuna anayelalamika.

Nilikwenda mlangoni kuomba chumvi. Nikawaona wanawake wanne wanaingia na ngatu. Nikaitambua. Ilikuwa yetu.

Sikuweza kupiga kelele. Ngatu ni mali ya mwanamke, anaitoa anapotaka, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nina masizi usoni. Msemaji wa familia akainama akasoma namba ya mwisho pembeni, kama inavyosomwa siku zote, akatangaza: kutoka kwa Etuate na Kalolaine, ngatu ya vipande mia mbili na sita.

Ukumbi ukavuma. Ngatu ya vipande mia mbili na sita ingetoka pale ikafika baharini. Wazee wakajiweka sawa ili waone. Wanawake wakaikunjua, wakaikunjua, na kwenye kipande cha ishirini ikaisha. Mtu mmoja akakohoa. Kalolaine alikuwa ameshika pembe moja, na nilimwona akiitazama ile namba, akitazama watu, akitazama tena namba. Nyuma yangu Palenapa akaninong'oneza kwamba vipande mia na themanini na sita vilivyobaki labda vinakuja kwa trekta.

Nililia. Nililia kwa sauti mpaka wanawake wawili wakaja kunishika mabega. Walisema hawakujua nilimpenda Mosese kiasi kile. Nilimpenda, lakini si kiasi kile.

Tulirudi, na kwenye lango Kalolaine akasimama. Akasema lazima ni wale wasichana wa kikundi, wamechezea kazi yake na kumfanya mwongo mbele ya jeneza. Akasema hatawasamehe. Nilikuwa nimefungua kinywa kumwambia. Nikakifunga. Naandika hapa ili ijulikane kwamba nilikifungua.


Jumanne, 13 Juni

Telesia alikuja asubuhi na chai. Akauliza kama kuna barua. Nikasema bado, mwanangu.

Bado. Neno moja tu. Ningeweza kusema jingine, na nilijua hivyo lilipokuwa linatoka.

Nimejaribu kuzikumbuka tarakimu. Nikakumbuka kwamba kanisa zima liliziimba. Nikaenda kwa Palenapa, nikajifanya naandika taarifa ya ibada, nikamuuliza tuliimba nini Jumatano iliyopita. Akazitaja zote bila kufikiri, 341, 572, ile ya Krismasi na ile isiyokuwepo. Akasema hataisahau ibada ile mpaka anakufa. Hizo ni tarakimu kumi na mbili. Na ya mwisho ni sita, hiyo kijiji kizima kinaijua. Zimebaki saba katikati. Nikakisia. Nikakisia tena. Mara ya tano akaunti ikafungwa mpaka kesho.

Hizo saba ziko kwenye ngatu, na ngatu sasa iko chini ya godoro la dada yangu, chumbani kwake. Mimi sijawahi kukanyaga kizingiti cha chumba cha Sulieti tangu nilipoota ndevu, na sitakanyaga. Kaka hafanyi hivyo. Hata kukitaja kitanda chake mbele yake siwezi.

Jambo la kufanya ni kumwambia Telesia. Angewapigia chuo simu, dakika kumi, basi. Lakini ningemwambiaje bila Kalolaine kusikia ni nani aliyeandika kwenye ngatu? Kesho nitakwenda kwa Sulieti. Nina mbinu.


Jumatano, 14 Juni

Mbinu ilikuwa hii. Nimwambie Sulieti kwamba ngatu za msimu huu zina wadudu, na inafaa azianike juani. Akizianika nje, nami ninapita barabarani. Rahisi.

Alinipokea barazani. Nilikaa chini, kwenye mkeka, mbali kidogo. Akaniletea embe lililomenywa. Tukazungumza mazishi, tukazungumza mvua. Hakutaja mia mbili na sita, na hilo lilinitesa kuliko kama angelitaja. Kisha nikasema nimesikia kuna wadudu kwenye ngatu, na kwa kuwa labda zimehifadhiwa mahali penye joto, chini ya, yaani, mahali pa kulalia...

Akaweka embe chini. Akaniuliza kwa utaratibu sana: "Etuate, tangu lini wanaume wa ukoo huu wanashughulika na mahali ninapolala?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema samahani dada, nilikuwa na maana ya wadudu tu. Akasema amesikia kuhusu wadudu, ahsante, nimsalimie Kalolaine. Nikaondoka bila kumaliza embe. Barabarani nilijiambia peke yangu, kwa sauti, maneno ambayo karani wa kanisa hapaswi kuyajua.

Telesia aliuliza tena. Nikasema tena bado.


Alhamisi, 15 Juni

Nimepata njia ya heshima. Sulieti apewe godoro jipya. Godoro jipya likiingia, la zamani litainuliwa, na vilivyo chini yake vitatolewa barazani na wasichana wake. Mimi nitakuwa nimesimama barazani kama mtu aliyeleta zawadi.

Sina godoro jipya. Palenapa analo, la sponji, bado lina nailoni, alitumiwa na mwanawe kutoka Brisbane. Nikamwendea nikasema dada yangu anaumwa mgongo na familia inahangaika. Nilitegemea mabishano marefu. Badala yake akauliza mgongo upande gani, akaenda ndani, akarudi amechana nywele na amelibeba godoro kichwani. Ni mjane, Sulieti naye ni mjane. Sikutaka kufikiria zaidi. Akasema alipeleke leo hii. Nikamwambia kesho, niweze kujitayarisha.

Naongeza hapa Ijumaa usiku: najuta kesho ile. Nitaeleza.


Ijumaa, 16 Juni

Tumelipeleka godoro saa tatu asubuhi, Palenapa mbele, mimi nyuma. Sulieti alishangaa. Palenapa akatoa hotuba kuhusu mgongo. Sulieti akanitazama, kwa sababu mgongo wake ni mzima kabisa, lakini hakuna mtu anayekataa zawadi mbele ya aliyeibeba kwa kichwa. Akawaita wasichana. Wakaingia chumbani. Nikasikia godoro la zamani linaburutwa.

Wakatoka na mikeka. Wakatoka na ngatu tatu za watu wengine. Wakatoka na yetu.

Ilikuwa nusu.

Nikauliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, mbona hii imekuwa fupi. Sulieti akasema aliikata jana asubuhi, kama inavyogawanywa siku zote, na nusu ya mwisho ameondoka nayo binti yake Lavinia, aliyerudi Okaland, New Zealand, kwa ndege ya mchana. Nikainama nikasoma pembeni. Kumi na tatu. Ishirini na nne. Thelathini na moja. Mpaka kipande cha kumi. Nusu iliyobaki ilikuwa ile ile niliyokwisha kuijua, ile tuliyoiimba.

Kama tungekwenda Jumatano. Kama ningesema Jumanne. Nimekaa chini ya mchongoma wa Palenapa saa nzima nikiipanga hiyo kama, na kila nikiipanga inanirudia mimi.

Mchana nikampigia Lavinia. Nikamwambia mjomba anaomba asomewe namba za pembeni, ni kwa ajili ya kumbukumbu za kanisa. Akasema, "Mjomba, hiyo ngatu sina." Mama yake alimwambia wakati wa kufunga mizigo kwamba mjomba Etuate amesema ngatu zina wadudu. Yeye ni mtoto mkweli. Pale uwanja wa ndege alipoulizwa kama ana kitu chenye wadudu, akasema ndiyo. Maofisa wa ukaguzi wameishika. Itapigwa dawa, wiki mbili, labda tatu. Akanishukuru kwa kuwatahadharisha.

Telesia hakuuliza leo. Alinitazama tu, akaniwekea chakula.


Jumapili, 18 Juni

Leo yote yametoka.

Baada ya ibada, mama yake Vika alikuja kutupa mkono. Vika ni rafiki wa Telesia, na aliomba chuo kile kile. Mama mtu akasema kwa furaha kwamba jibu la Vika lilikuja Ijumaa ya tarehe tisa, na anamshukuru Mungu aliwahi kukubali kabla ya siku ya mwisho. Telesia akauliza mwisho lini. Mama Vika akasema juzi, Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Akauliza, kwani lako halikuja?

Telesia akanitazama. Kisha akampongeza Mama Vika kwa heshima. Ni mtoto aliyelelewa vizuri, na si mimi niliyemlea hivyo, ni mama yake.

Sulieti alikuwa mgeni wetu wa chakula cha mchana. Tulikaa mbele ya majani ya magimbi na nyama ya kopo, chakula ninachokipenda kuliko vyote, na sikuweza kumeza. Telesia akauliza polepole: "Baba, uliangalia kweli?"

Nikasema yote. Ubao wa nyimbo, kalamu nene, ngatu, wadudu, godoro. Niliyasema mbele ya mke wangu na mbele ya dada yangu, na nilipofika kwenye godoro nilitazama sakafu. Nilidhani Kalolaine atapiga kelele. Hakupiga. Alisema tu kwamba miezi minne mikono yake ilikuwa na nyufa. Akasema amewanunia wasichana wa kikundi wiki nzima, na mmoja wao alikuja kulia mlangoni akiapa hakugusa. Kisha akainuka akaenda jikoni na hakurudi.

Sulieti akanawa mikono. Akasema, "Mdogo wangu, mia mbili na sita ningeweza kuisahau." Akanyoosha kidole kwa Telesia. "Huyu ni mtoto wangu pia. Nilimshika kabla hujamshika wewe. Ungekuja ukasema shangazi yake ana kitu anachokihitaji, ningekitoa barazani kabla hujamaliza sentensi."

Hilo ndilo linaloniuma. Lilikuwa linawezekana. Ningesema tu.

Telesia hakulia. Alifunika vyakula kwa kitambaa, kimoja kimoja, nzi wasiingie, hata sahani yangu. Leo ni Jumapili, hakuna anayeweza kupigiwa simu. Nyumba nzima inasubiri Jumatatu.


Jumatatu, 19 Juni

Telesia aliwapigia chuo saa mbili asubuhi. Alisimama uani karibu na tangi, ametugeuzia mgongo. Nilikuwa dirishani.

Nafasi alikuwa ameipata. Walimwandikia tarehe tisa, wakamkumbusha tarehe kumi na tatu, wakamkumbusha tena tarehe kumi na sita asubuhi. Hakujibu. Saa kumi na moja jioni ilipita na nafasi imekwenda kwa aliyefuata kwenye orodha. Wanaweza kumfikiria kwa masomo ya Februari, akituma maombi upya kabla ya tarehe thelathini mwezi huu. Majibu yatatumwa kwa barua pepe.

Alimwambia yule mtu ahsante sana. Mara tatu. Alisema samahani kwa usumbufu. Yeye ndiye aliyeomba samahani.

Vika ataondoka mwezi ujao. Walikuwa wamekwisha kupanga watalala chumba kimoja. Sikujua hilo. Nimelijua leo, kwa kuwasikia wakiongea nje ya uzio, na Telesia akimwambia mwenzake aende tu, wataonana huko.

Nimemwomba msamaha. Akasema, "Yameisha, Baba." Najua sauti ya mtu anayesema yameisha na hayajaisha.


Jumatano, 21 Juni

Nimekwenda kwa wasichana wa kikundi, nyumba moja moja, kuwaambia ni mimi. Nyumba ya tatu walinicheka. Nilistahili. Kalolaine ameanza kusema nami, ila kwa mambo ya lazima, kama chumvi na milango.

Palenapa anataka godoro lake. Nikamwambia limeshalaliwa na dada yangu, nani atakwenda kulidai, wewe au mimi? Akafikiri, akasema basi alale nalo salama, na uso ukamng'aa kwa namna nisiyoipenda. Hata hivyo akasema mgongo wake yeye ndio unauma sasa. Nimempa godoro letu. Mimi na Kalolaine tunalala kwenye mikeka. Hilo halijaharakisha maelewano.

Telesia amefungua akaunti yake mwenyewe. Ametuma maombi ya Februari. Nywila ameichagua peke yake, ameiandika kwenye daftari la shule, na daftari lipo juu ya meza ya jikoni, karibu na kopo la sukari, mahali ambapo kila mtu anaweza kulifikia. Alisema mbele yetu sote kwamba kuanzia leo kila mtu ndani ya nyumba hii ajue lilipo. Sulieti akasema vema. Kalolaine akasema vema. Nami nikasema vema.

Nimejuta wiki hii kuliko nilivyojuta tangu nizaliwe. Mtoto alikuwa na nafasi mkononi, mimi nikamfumba macho. Sitagusa tena paswedi ya mtu.


Jumamosi, 24 Juni

Leo mchana nilikuwa peke yangu nyumbani. Palenapa alikuja kuomba sukari. Alipokuwa anachota, jicho lake lilitua kwenye daftari. Nililiona likitua.

Alipoondoka nikalifungua. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka kuhakikisha tu. Nikashtuka. Jina lake na mwaka wa kuzaliwa. Basi. Barua ya Februari, maisha yote ya mtoto, na imefungwa kwa kitu ambacho hata nguruwe wa Palenapa angekikisia. Binti wa serikali angeiona angelia. Hapa sasa si suala la kujiingiza, ni suala la baba kuwa baba. Nimekwisha kumkosea mara moja kwa uzembe, sitamkosea mara ya pili.

Nimeingia nikaibadilisha. Tarakimu ishirini na nne safari hii. Ule ukurasa wa daftari nimeuchana nikauchoma. Telesia sijamwambia, ana mawazo mengi, apumzike. Jibu likija nitampa mwenyewe nywila mkononi, na siku hiyo atajua baba yake alikuwa macho.

Nimeiandika mahali pamoja tu, na kosa la ngatu sijalirudia. Mahali hapa hapagawanywi, hapakatwi, hapapandi ndege. Ni pazuri mno. Sitaandika hapa ni wapi. Shajara inaweza kusomwa na mtu yeyote.